Aliyeshika Mkono wa Vitesi

Tarehe kumi na nne mwezi wa kumi na moja, mwaka elfu mbili na moja, nilimpoteza binti yangu katika hospitali moja ya Beni. Nilikuwa na yeye tu. Malaria ilimpanda kichwani, akaugua siku nne. Siku ya tano asubuhi mumewe alitoka kumtafutia uji, mimi nikainama kumfunika miguu. Nilipoinua kichwa alikuwa amekwisha kwenda.

Juu ya kifo chake sina neno lingine. Ninaandika habari ya mlima tuliompandisha, kwa sababu huo niliuona, na mkono wangu ulikuwamo.

Mimi nilikuwa muuza viazi. Nilivinunua Kirumba, nikavipeleka Butembo, na vile vilivyo vizuri nikavishusha Beni, kule chini kwenye joto, ambako viazi havikubali kuota. Nyumba yangu ilikuwa Kimemi, mtaa wa hapo hapo Butembo. Mume wangu alikufa kabla ya vita. Binti yetu aliolewa na shofere aliyekuwa na gari lake mwenyewe, jipu ya zamani sana, ambayo rangi yake hakuna aliyeikumbuka. Tangu arusi ile mifuko yangu ilipanda gari la mukwe wangu.

Kwetu mama na mume wa binti yake hawazoeani. Hawali chungu kimoja, hawakai kiti kimoja, hawapeani mikono. Wakiwa na neno, neno hilo linapita kwa mtu mwingine. Si chuki, ni heshima, nayo ina uzito wake. Mbele ya jipu kulikuwa na nafasi ya watu watatu, lakini mimi nilipanda nyuma, juu ya mifuko, chini ya turubai. Binti yangu alikaa mbele karibu na mumewe. Kati ya mbele na nyuma kulikuwa na kidirisha kisicho na kioo, na maneno yetu yote yalipita hapo, kwa kinywa chake yeye.

Jipu ile ilikuwa na ugonjwa. Katika vitesi ya pili, au gia kama wengine wasemavyo, ikipanda kwa nguvu, mkono wa vitesi uliruka wenyewe na kurudi katikati. Hapo moteri inalia bure, magurudumu yanaachwa bila nguvu, gari linaanza kurudi nyuma. Kwa hiyo kwenye kila mlima mukwe wangu aliita, "Shika!" Na binti yangu aliushika mkono ule mpaka juu.

Watu waliuliza kwa nini haitengenezi. Vipande vilitoka Uganda, na njia ilifungwa leo, ikafunguliwa kesho. Lakini kulikuwa na sababu nyingine pia. Siku zile askari walichukua kila gari zima waliloliona. Letu walilichukua mara moja. Kesho yake tuliliona chini ya mlima, peke yake, milango wazi, na juu ya tope kuna alama yote ya jinsi lilivyorudi nyuma. Walikuwa watano, na hakuna aliyejua kushika. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

"Ambia askari barudi," akamwambia mumewe. "Nitabafundisha."

Tangu siku ile mukwe wangu hakutaka tena kusikia habari ya fundi.

Mlima wenyewe uko kati ya Beni na Butembo, baada ya daraja la miti. Udongo wake ni mwekundu, na mvua ikinyesha siku mbili unakuwa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Nilimwona mukwe wangu akiupanda mara nyingi. Ninaweza kusema alivyofanya, kwani hakuficha kitu.

Alisimamisha gari chini, akavua viatu, akapanda mlima wote kwa miguu mitupu na kurudi. Alisema jicho linadanganywa na tope, wayo haudanganywi. Alikuwa anatafuta pale penye kokoto chini ya ule utelezi. Ile mifereji mirefu iliyochimbwa na magurudumu ya kamyo hakuingia ndani yake. Gurudumu moja aliliweka juu ya mgongo wa katikati, lingine kwenye ukingo upande wa mlima, kamwe si upande wa bonde. Penye shimo alikata matete akayalaza. Alitoa pumzi kidogo katika mipira ya nyuma, kwa kijiti, mpaka mpira ukalala chini kama mguu wa mtu aliyechoka. Na krabo, ile nguvu ya magurudumu yote manne, aliiweka akiwa bado chini penye udongo mgumu. Anayengoja kuiweka katikati ya mlima amechelewa.

Kisha vitesi ya pili. Si ya kwanza, maana ya kwanza ina nguvu nyingi, inazungusha magurudumu na kuchimba. Ya pili, mwendo mmoja, mguu usicheze. Magurudumu yakianza kuteleza hakuongeza mafuta, aliyapunguza, akatikisa usukani kidogo kushoto na kulia ili mpira utafute pa kuuma. Na mlima ukikataa, hakubishana nao. Hakugeuza gari, hakukanyaga freni ghafla. Aliweka vitesi ya kurudi nyuma, akashuka moja kwa moja kwa njia ile ile aliyopandia, akaanza upya.

"Gari inaangukaka wakati shofere anasikia haya ya kurudia," alisema siku moja, na binti yangu akanipitishia neno hilo kidirishani kana kwamba sikulisikia.

Abiria wengine wote walishuka mlimani. Mimi niliachwa juu.

"Mama," binti yangu aliita, "mukwe wako anasema bakia. Anasema weye njo unakamata mipira chini."

"Mwambie mukwe wangu mimi si mufuko ya viazi."

Nilisikia wakinong'ona na kucheka.

"Anasema viazi vinashukaka bei. Weye hapana."

Basi nilikaa huko nyuma, mzigo mzuri, na kitu nilichokiona zaidi kwa kile kidirisha kilikuwa mikono ya mtoto wangu. Nilidhani mwanzoni kwamba aliubana mkono wa vitesi kwa nguvu. Hakuubana. Aliweka viganja viwili mbele ya kichwa cha mkono ule, akauegemeza upande wake, kama unavyomzuia mtoto anayejifunza kusimama. Ulipotetemeka, naye alitetemeka nao. Kabla haujaruka ulitulia kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, na hapo tu ndipo alipotia nguvu. Miaka mitatu niliitazama mikono ile, mara nyingi kwa kukosa kitu kingine cha kutazama.

Siku aliyokufa njia ilikuwa imefungwa. Kulisikika risasi upande wa nje ya mji, askari wakashusha bariyeri, na hakuna gari lililotoka Beni siku ile wala siku iliyofuata. Beni kuna joto. Wanawake wa pale walinisaidia kumwosha, seremala akatengeneza sanduku, nasi tukakaa karibu nalo tukingoja. Siku ya tatu alfajiri bariyeri ilifunguliwa. Mukwe wangu alituma habari Butembo kwa fonie, redio ya kupelekea maneno: tunakuja leo, chimbeni.

Hilo neno "chimbeni" ndilo lililotubana baadaye. Kwetu kaburi likichimbwa halilali wazi bila mwenyewe. Tulijua kwamba kufika saa sita wanaume watakuwa wamemaliza, katika kiwanja cha ukoo wa mumewe, na watakuwa wamekaa kando ya shimo wakitungoja. Na kwa joto lile, hata bila kaburi, hakukuwa na kesho.

Tulipakia sanduku. Mimi nikapanda nyuma karibu nalo, kama desturi. Mukwe wangu akakaa kwenye usukani. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, na koti lake lilikuwa juu yake.

Hapa inanipasa kusema ukweli. Watu waliniambia baadaye kwamba katika huzuni hatukukumbuka habari ya mkono wa vitesi. Labda yeye hakukumbuka. Mimi nilikumbuka. Nilikumbuka tulipokuwa bado Beni, nilipokiona kile kiti. Nilijua mlima uko mbele na hakuna wa kushika. Nilifikiri watu wa bariyeri wataniona nimekaa na mukwe wangu bega kwa bega, binti yangu akiwa ndani ya sanduku, na watasema nini. Nikanyamaza. Kilomita zote zile nilinyamaza.

Chini ya mlima kulikuwa na kamyo moja iliyokwama tangu jana, imejaa mchele, na watu wake walikuwa wanachimba tope kwa majembe. Mwenye kamyo alikuwa Mwislamu wa Beni, mzee mwenye tumbo kubwa na kofia nyeupe iliyokuwa imepata matone mekundu. Alitusalimia kwa mkono, lakini mukwe wangu hakusimama kuongea. Alivua viatu, akaupanda mlima kwa miguu, akarudi, akatoa pumzi ya mipira. Alifanya kila kitu kama siku zote. Kisha akaingia.

Alijaribu kushika mwenyewe, usukani kwa mkono mmoja na vitesi kwa mwingine. Tulifika nusu. Penye kona ndogo, ambapo mlima unainama upande wa bonde, usukani ulitaka mikono miwili. Aliachia. Mkono wa vitesi ukaruka. Moteri ikalia, gari likasimama kidogo, likaanza kurudi. Alifanya vizuri, hakugeuza, alishuka moja kwa moja. Lakini sanduku liliteleza na kugonga ubao wa mlango wa nyuma. Nilisikia lilivyogonga. Kichwa chake kilikuwa upande ule.

Mzee wa kamyo alikuja.

"Pole, shofere. Nani iko mu sanduku?"

"Bibi yangu."

Mzee akavua kofia. "Na ule mama?"

Mukwe wangu alifuta tope mikononi. "Mama yake."

Mzee alitazama kiti cha mbele, akanitazama mimi, akaelewa. Hata yeye alikuwa na wakwe.

"Mimi nitashika," akasema. "Niko mu njia hii tangu ungali mutoto. Kamukono ka jipu kananishinda?"

Aliingia mbele, jipu ikainama upande wake. Mimi niliegemeza mgongo wangu kwenye sanduku na miguu kwenye mlango, ili lisiteleze tena. Tulipanda. Kwa kidirisha niliona jinsi alivyokamata: ngumi, mishipa imesimama, kama mtu anayemnyonga kuku. Nilijua hautakaa. Kabla ya kona uliruka ukampiga kidole, na tukarudi chini mara ya pili.

"Hii mukono iko na roho mubaya," mzee alisema akishuka, akinyonya kidole.

Watu wake walicheka pale kwenye tope. "Patron, kajipu kamekushinda!"

"Munyamaze. Mushike majembe."

Jua lilikuwa limepita katikati, na juu ya mlima mawingu yalikuwa yanajikusanya. Mvua nyingine ikinyesha, hata mwenye mabawa asingepanda. Mzee alinijia nyuma ya gari. Aliongea polepole.

"Mama, usinikasirikie. Kanisa yenu iko pale karibu, nyuma ya migomba. Batu ba hapa ni bazuri. Tukibaomba batatupa mahali pa kumulaza."

Nilitazama alikoonyesha. Palikuwa shamba la mihogo, safi, limelimwa vizuri, la mtu nisiyemjua. Nikaona kwamba ningekuwa ninapita hapo kila juma na viazi vyangu, mwanangu amelala katika mihogo ya watu.

Mukwe wangu alikuwa amesimama mbele ya jipu, ameweka viganja viwili juu yake.

"Weye gari," akasema. Hakuinua sauti. "Mimi sina tena mutu wa kushika."

Hakunitazama. Nadhani kama angenitazama ningekataa.

Nilishuka. Nikamwambia mzee, "Baba, mwambie mukwe wangu atoshe koti yake pa kiti."

Mzee aligeuka. Mukwe wangu alikuwa hatua tatu kutoka kwetu. "Shofere, mama anasema utoshe koti."

"Nimesikia," mukwe wangu akamwambia mzee, akaliondoa.

"Mwambie mimi najua kushika."

"Anasema anajua kushika."

"Mwambie hapana kubana."

"Mama, anasema hapana kubana."

"Mwambie najua. Niliona."

Mzee alishika kiuno. "Nyinyi batu ba Butembo! Mimi niko na kamyo ndani ya tope, na munanifanya kuwa fonie." Lakini alinishika kiwiko akanisaidia kupanda mbele. Kisha akauliza nani sasa atakuwa uzito wa nyuma na kushika sanduku, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshapanda mwenyewe, akakaa pale nilipokuwa nimekaa mimi, akalikumbatia sanduku kwa mikono yote miwili.

Nilifunga mkono wangu wa kulia kwa ncha ya kikwembe nilichojifunga kiunoni, ili ngozi yangu isikaribie goti lake. Mukwe wangu alitazama mbele. Aliweka krabo, akaweka ya pili. Nikaweka viganja.

Nilichoshangaa ni kwamba ulikuwa wa moto. Miaka yote ile niliutazama, sikujua kwamba ni wa moto. Ulitetemeka, nami nikatetemeka nao. Tulipita matete ya kwanza, tukapita mahali tulipokwama mara ya pili. Magurudumu yakaanza kuteleza, akapunguza mafuta, akatikisa usukani, na goti lake likagonga kiganja changu. Hakuna aliyeondoa chake. Ile ncha ya kikwembe ilikuwa imeanguka zamani.

Penye kona mkono ulitulia. Ulivuta pumzi.

"Ngoja," alisema. "Ngoja. Sasa!"

Sijui aliniambia mimi au gari. Nilitia nguvu. Uligonga viganja vyangu mara mbili, kama mtu anayebisha mlango, na haukutoka. Upande wa kushoto sikuona kitu isipokuwa bonde. Kisha pua ya gari ikashuka, mbele kukaonekana barabara, na moteri ikaacha kulia.

Alisimamisha gari na kuzima. Alitoka akasimama upande wake, akinipa mgongo, mpaka niliposhuka na kurudi nyuma.

Mzee wa kamyo alikuwa bado amelikumbatia sanduku. Shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Haikuteleza hata kidogo," aliniambia. "Hata kidogo, mama."

Alituombea kwa lugha ya dini yake, akakunja suruali, akashuka mlima kwa miguu kurudi kwenye mchele wake. Sikumwona tena.

Tulifika Butembo mvua ikianza. Wanaume walikuwa wamefunika shimo kwa majani ya migomba na kukaa kandokando yake, wamejifunika mifuko. Hawakutuuliza tulichelewa wapi. Tulimzika mchana ukiwa bado una mwanga.

Habari ilifika Kimemi kabla ya juma kwisha. Jirani mmoja aliniuliza mbele ya wengine, "Kweli ulikaa mbele na mukwe?"

"Nilikaa."

"Na mukono?"

"Na mkono."

Walisubiri niongeze. Mzee wa upande wa mume wangu alisema nitoe kuku, ili heshima irudi mahali pake. Nilitoa kuku. Sikuona ubaya, wala sikujuta. Kilichoniuma ni zile mara mbili gari liliporudi chini, na kule kugonga kwa sanduku kwenye ubao, wakati mimi nilijua dawa na nilikuwa nimekaa juu yake. Hilo hakuna aliyeniuliza, na hakuna kuku wake.

Baada ya miezi miwili nilirudi kwenye viazi. Mukwe wangu alimtuma jirani aulize kama nina mizigo. Nilikuwa na mifuko sita. Tulishuka Beni kwa amani, nikauza, nikanunua mchele kidogo. Wakati wa kurudi nilipanda nyuma kama kawaida, na kidirisha kilikuwa wazi, na hakuna aliyeongea ndani yake.

Chini ya mlima alisimama. Alivua viatu, akapanda, akarudi. Akatoa pumzi ya mipira. Akaingia, akawasha moteri, na hakuondoka. Nilingoja. Moteri ilikuwa inaendelea pole pole. Kwa kidirisha niliona koti lake: lilikuwa limetundikwa upande wake, na kiti kilikuwa kitupu.

Nilishuka, nikazunguka, nikapanda mbele.

"Weye gari," akasema, akitazama barabara, "tunaenda."

Akaweka ya pili. Nikashika mpaka juu. Alisimama, nikashuka, nikarudi kwenye mifuko yangu.